Hita ya Kiti katika Gari la Kale: Pima Umeme Kabla ya Kulipa

Kati ya Juni na Agosti, asubuhi za Limuru, Kinangop na Nyahururu huwa na ukungu na baridi inayopenya nguo. Mwenye gari la kisasa hubonyeza kitufe, na baada ya dakika chache kiti chake kikapata joto. Mwenye gari dogo la spoti lililoundwa miaka ya 1960, lenye paa la turubai na milango isiyozuia upepo vyema, hana kitufe hicho. Siku hizi, hata hivyo, pedi za kupasha viti joto huuzwa madukani na mitandaoni kwa yeyote anayetaka kuzifunga katika gari lolote. Katika somo hili tunaeleza mambo ambayo mtumiaji anapaswa kuyapima kabla ya kununua pedi hizo na kabla ya kumkabidhi fundi ufunguo wa gari.

Huenda msomaji akasema kwamba magari ya kale ni ya watu wachache, kama wale wanaoyaonyesha kila mwaka katika Concours d'Elegance kwenye uwanja wa Ngong Racecourse, Nairobi. Ni kweli. Lakini kanuni tutakazozieleza zinamhusu pia anayefunga redio kubwa, taa za ziada au kifaa kingine chochote cha umeme katika gari lililozeeka. Tumechagua gari la kale kwa sababu ndani yake umeme ni haba, na penye uhaba makosa huonekana upesi.

MFANO WETU

Tumetunga mfano mmoja utakaotuongoza hadi mwisho wa somo. Mama mmoja wa makamo amerithi kutoka kwa marehemu babake gari aina ya MGB la mwaka 1965. Magari haya yaliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na yaliyotengenezwa yanazidi 500,000. Kwa hiyo vipuri vyake bado vinapatikana. Babake alikuwa na desturi ya kumpeleka mkewe kanisani kwa gari hilo kila Jumapili. Binti anataka kuiendeleza desturi hiyo, lakini mama yake sasa ni mzee, ana kisukari cha miaka mingi, na analalamika kuwa gari lina baridi.

Binti anampata muuzaji wa pedi za viti viwili. Muuzaji anamwambia: "Zinafaa gari lolote la volti 12." Anamtafuta fundi, naye anasema: "Hiyo ni kazi ya saa mbili. Tutachukua umeme kwenye fyuzi iliyopo." Sentensi hizo mbili zinasikika kuwa za kweli, na hakuna aliyekusudia kudanganya. Hata hivyo, kila moja imeacha nje jambo ambalo linaweza kumgharimu binti huyu gari lake, au kumwachia mama yake kidonda. Tuzichambue.

KIFAA CHENYEWE

Hita ya kiti si jambo jipya. Kampuni ya Cadillac ya Marekani iliitoa kama nyongeza ya hiari katika magari yake ya mwaka 1966, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Saab ya Uswidi ikaanza kuifunga katika kiti cha dereva bila mnunuzi kuiagiza. Magari madogo ya spoti ya zama hizo hayakuwa nayo.

Pedi zinazouzwa leo ni vitambaa vyembamba vyenye nyuzi za kaboni au waya wa kupasha joto ndani yake. Kila kiti huwa na pedi mbili: moja ya kukalia na moja ya mgongo. Huwekwa kati ya sponji na kitambaa au ngozi ya kiti. Pamoja nazo huja swichi, nyaya, na katika seti nzuri, fyuzi, relei na kidhibiti joto. Relei ni swichi inayoendeshwa na umeme: mkondo mdogo unaiamuru, nayo hufungua njia ya mkondo mkubwa.

Kuna pia mito ya joto inayowekwa juu ya kiti na kuchomekwa katika tundu la kiberiti cha sigara. Hiyo haihitaji kufungua kiti. Maonyo yetu kuhusu umeme na ngozi ya mwili yanaihusu sawasawa na pedi za ndani.

HESABU YA UMEME

Muuzaji alisema gari liwe la volti 12. Volti hueleza msukumo wa umeme, lakini hazielezi wingi wake. Swali analopaswa kuuliza mtumiaji ni: pedi hizi zinakula ampea ngapi, na gari langu linazalisha ampea ngapi?

Hesabu yake ni rahisi. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, gawanya kwa volti 12, utapata ampea. Kiti chenye pedi za wati 50 hula takriban ampea 4. Viti viwili hula takriban ampea 8.

Sasa tutazame upande wa uzalishaji. MGB za miaka ya mwanzo huzalisha umeme kwa dainamo, ambayo upeo wake ni ampea 22. Upeo huo hupatikana injini inapozunguka kwa kasi ya safari. Injini inapounguruma polepole katika msongamano, dainamo hutoa umeme kidogo mno, na taa nyekundu ya dashibodi huanza kumulika. Wakati huo betri ndiyo inayobeba mzigo.

Chukulia binti wa mfano wetu anarudi nyumbani jioni ya mvua. Yafuatayo ni makadirio ya kawaida kwa gari la aina hiyo, nawe unapaswa kupima lako:

- Mfumo wa kuwasha petroli katika injini: ampea 4
- Taa kubwa mbili: ampea 8
- Taa ndogo, za nyuma, za nambari na za dashibodi: ampea 3
- Wipa: ampea 3
- Feni ya hita ya kawaida: ampea 4

Jumla ni ampea 22. Dainamo imekwisha kutoa kila ilicho nacho kabla ya kiti hata kimoja kupata joto. Ukiongeza viti viwili, mahitaji yanafika ampea 30, na upungufu ni ampea 8.

Upungufu huo hulipwa na betri. Kama betri ni ya ampea-saa 50, safari ya saa tatu itaondoa ampea-saa 24, yaani karibu nusu ya akiba yote. Katika msongamano wa Waiyaki Way, ambako dainamo hainyanyui chochote, hali huwa mbaya zaidi. Gari litafika nyumbani bila dalili yoyote ya hitilafu, na kesho yake asubuhi halitawaka. Mwenyewe atalaumu betri, atanunua nyingine, nayo itamfia vilevile.

Kuanzia modeli za mwaka 1968, MGB zilipewa altaneta badala ya dainamo. Zile za mwanzo hutoa takriban ampea 34, na altaneta hutoa umeme mwingi zaidi hata injini inapozunguka polepole. Kwa gari kama hilo, mahitaji yetu ya ampea 30 yanatosheka, ingawa akiba inayobaki ni ndogo.

Usiutegemee mwaka ulioandikwa katika stakabadhi za gari peke yake. Kwa miaka sitini gari limepita mikononi mwa mafundi wengi. Fungua boneti utazame: dainamo ni silinda ndefu na nyembamba, altaneta ni fupi, nene, na yenye matundu ya kupitisha hewa.

NCHA CHANYA NA NCHA HASI

Kuna jambo jingine ambalo maneno "volti 12" hayalielezi. Katika magari ya leo, ncha hasi ya betri ndiyo iliyounganishwa na bodi ya gari. Katika MGB za kabla ya mabadiliko tuliyoyataja, ni kinyume: ncha chanya ndiyo iliyounganishwa na bodi. Nyuzi za pedi hazijali umeme unaingia upande gani. Kidhibiti joto, kipima muda na swichi zenye taa ndogo za kielektroniki hujali sana, na vinaweza kuungua mara vinapounganishwa kinyume.

Muuzaji ambaye hakuulizwa aina ya gari hawezi kulaumiwa kwa urahisi. Kwa hiyo uliza kwa maandishi: "Je, kidhibiti hiki kinafanya kazi katika gari ambalo ncha chanya imeunganishwa na bodi?" Hifadhi jibu lake.

FYUZI NA WAYA

Sasa twende kwa fundi aliyesema atachukua umeme kwenye fyuzi iliyopo. MGB za awali zina kisanduku chenye fyuzi mbili tu zinazofanya kazi, na nyingine mbili za akiba. Kila fyuzi imeandikwa 35. Mtu anayezoea magari ya leo husoma namba hiyo na kuona nafasi tele.

Namba hiyo inapotosha. Katika fyuzi za kioo za Kiingereza za zama hizo, 35 ni kiasi cha umeme kinachoikata fyuzi. Kiasi inachoweza kubeba mfululizo ni takriban nusu yake, ampea 17. Fyuzi nyingi za mitindo mingine huandikwa kwa kiasi cha kubeba mfululizo. Ukiweka fyuzi ya namna hiyo ya ampea 35 mahali pa ile ya zamani, umeruhusu mkondo maradufu upite katika waya uleule uliozeeka.

Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya. Waya unapobeba umeme kupita uwezo wake, hupata moto, mpira wake huyeyuka, na zulia au sponji iliyo karibu inaweza kushika moto. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, inakueleza kuwa mzigo umezidi au kuna hitilafu mahali fulani. Kuweka fyuzi kubwa zaidi ili isikatike ni kumnyamazisha mlinzi huku mwizi yumo ndani.

Waya wa miaka sitini nao una historia. Mpira wake umekauka, viungo vyake vimepata kutu, na pengine umeunganishwa kwa tepu na mtu ambaye hukumbuki jina lake. Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba hita za viti zisiunganishwe kamwe na nyaya za asili za gari. Zipewe njia yake mpya. Kazi iliyofanywa vizuri huwa na mambo haya:

1. Betri hutenganishwa kabla ya kazi kuanza.
2. Waya mpya hutoka moja kwa moja kwenye betri au kwenye chanzo kikuu cha umeme. Katika MGB betri ziko nyuma ya viti, hivyo njia ni fupi.
3. Fyuzi mpya huwekwa karibu kabisa na chanzo hicho. Ikiwa mbali, sehemu ya waya iliyo kabla yake haina ulinzi.
4. Kwa viti viwili vya ampea 8 kwa jumla, waya uwe wa milimita mraba 2 au zaidi, na fyuzi ya ampea 15 inayobeba kiasi hicho mfululizo.
5. Relei huendeshwa na ufunguo wa gari, ili hita zizimike ufunguo unapotolewa.
6. Waya hupitishwa mahali ambapo reli za kiti hazitaukata kiti kinaposogezwa mbele na nyuma. Kila unapopenya bati, huvishwa mpira wa kuukinga.

Fundi mwema hatakasirika ukimwonyesha orodha hii. Fundi asemaye kuwa mambo haya ni ya kupoteza wakati amekusaidia pia, kwa maana amekuonyesha kwamba unapaswa kutafuta mwingine.

NGOZI YA MWILI

Hadi hapa tumezungumza juu ya gari. Tugeuke sasa kwa yule atakayeketi.

Watu wengi hudhani kwamba mtu huungua kwa kitu kinachotoa moshi au mvuke. Ngozi huungua pia kwa joto dogo linalodumu. Kwa nyuzi 44 za Selsiasi, yapata saa sita za mgusano mfululizo zinatosha kuiunguza. Kwa nyuzi 49, muda huo hushuka hadi chini ya dakika kumi. Kwa nyuzi 60, ni sekunde chache. Tofauti kati ya starehe na jeraha ni nyuzi chache tu.

Mtu mwenye afya hulindwa na maumivu. Kiti kikizidi joto, hujisogeza au hukizima. Lakini wapo ambao ulinzi huo wameupoteza. Kisukari cha muda mrefu kinaweza kuharibu mishipa ya fahamu, hasa ya miguu na mara nyingine ya mapaja. Aliyejeruhiwa uti wa mgongo, aliyepooza kwa kiharusi, mzee sana, mtoto mdogo, na mtu aliyelala kwa dawa au pombe, wote wanaweza kuunguzwa bila kuhisi. Mwaka 2011 nchini Marekani, madaktari wa majeraha ya moto na watetezi wa usalama waliiandikia mamlaka ya usalama wa magari kuiomba idhibiti joto la viti, kwa sababu ya majeraha ya namna hii.

Hapo ndipo mfano wetu unapokuwa mzito. Binti anataka hita kwa ajili ya mama yake, na mama yake ndiye mtu asiyepaswa kuikalia. Nia yake ni njema kabisa. Hakuna aliyemuuliza nani atakaa katika kiti hicho, naye hakujua kuwa ni swali la kuulizwa.

Tunashauri hivi:

- Usinunue seti isiyo na kidhibiti joto kinachokata umeme chenyewe. Swichi ya kuwasha na kuzima pekee haitoshi.
- Chagua yenye kipima muda kinachoizima hita baada ya dakika kadhaa.
- Kila kiti kiwe na swichi yake, ili kiti cha abiria kibaki kimezimwa dereva anapotumia chake.
- Baada ya kufungwa, mwombe fundi apime joto la uso wa kiti kwa kipimajoto, hita ikiwa juu kabisa kwa nusu saa, kiti kikiwa kimefunikwa kwa blanketi lililokunjwa. Kufunika huzuia joto kutoka, kama mwili unavyofanya. Kipimo kisifike nyuzi 44.
- Usiweke mzigo, blanketi nene au kiti cha mtoto juu ya kiti kilichowashwa.
- Mwenye kisukari, kupooza au ganzi asitumie hita ya kiti kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Ukiona wekundu usioondoka au lengelenge kwenye mapaja au makalio baada ya safari, acha kutumia hita, nenda hospitali, na uhifadhi kifaa kama ushahidi. Usikubali fundi akitoe na kukitupa.

KITI NA THAMANI YA GARI

Kufunga pedi kunahitaji kuvua ngozi au kitambaa cha kiti. Kitambaa cha miaka sitini kinaweza kuchanika kwa kuvutwa tu, na sponji ya chini inaweza kuwa imegeuka unga. Kwa hiyo wakati bora wa kufunga hita ni pale viti vinapofanyiwa ukarabati kwa sababu nyingine. Fundi wa viti na fundi wa umeme wakutane kabla ya kazi, kwa kuwa mmoja akifunga kiti kabla ya mwenzake kupima, kitafunguliwa tena kwa gharama yako.

Pedi isikunjwe, wala isilale juu ya klipu za chuma zinazokaza kitambaa. Mahali pa mkunjo huwa na joto kuliko sehemu nyingine, na klipu huweza kutoboa nyuzi. Pedi za kaboni za aina fulani huruhusu kukatwa kwa ukubwa wa kiti katika mistari iliyochorwa. Zenye waya hazikatwi kabisa. Soma maelezo ya mtengenezaji, na kama hayamo katika boksi, usinunue.

Kumbuka pia kwamba thamani ya gari la kale hutokana kwa sehemu kubwa na uasili wake. Tundu lililotobolewa katika dashibodi haliwezi kurudishwa. Swichi iwekwe chini ya dashibodi kwa kishikizo kinachoweza kuondolewa, na kila kipande kilichotolewa kirudishwe kwako. Mjulishe pia mwenye bima kwa maandishi kuwa umeongeza kifaa cha umeme; asiyefanya hivyo anaweza kupata shida akidai fidia baada ya moto.

KABLA YA KULIPA

Kabla ya kufikiria hita ya kiti, tunakuomba uchunguze kwa nini gari lina baridi. Katika magari haya, vali inayoingiza maji ya moto katika hita ya kawaida mara nyingi hukwama, mabomba yake huziba, na mipira ya milango na ya paa hukauka ikapitisha upepo. Kurekebisha mambo hayo hakuongezi hata ampea moja, na humpasha joto kila aliye ndani bila kumgusa ngozi.

Ukiamua kuendelea, pata makadirio ya bei kwa maandishi. Yaonyeshe jina na aina ya seti, wati zake, mahali umeme utakapotolewa, unene wa waya, ukubwa wa fyuzi, gharama ya vipuri na gharama ya kazi kila moja peke yake, na muda wa dhamana. Risiti inayosema "kazi ya umeme" bila maelezo zaidi haitakusaidia siku ya mgogoro, hata kama umelipa kiasi gani.

HAKI ZAKO

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa kwa hasara au majeraha yanayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima inayohusu utengenezaji wa magari: makadirio, idhini ya mteja, kurudishwa kwa vipuri vya zamani, ankara na dhamana. Nayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, huzingatia kama mnunuzi alimweleza muuzaji kazi anayokusudia kwa bidhaa hiyo. Ndiyo maana tunasisitiza umweleze muuzaji aina ya gari, mwaka wake, na upande wa betri uliounganishwa na bodi, nawe ufanye hivyo kwa maandishi.

Mgogoro ukizuka, mwandikie kwanza muuzaji au fundi, ukieleza kasoro na unachodai, na ukimpa siku maalumu za kujibu. Asipojibu, unaweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Si lazima uwe na wakili. Unachohitaji ni makadirio, risiti, picha, na kifaa chenyewe.

MFANO WETU UNAISHIA WAPI

Binti alipofanya hesabu, aliona kuwa gari lake lenye dainamo halina ampea za kutoa. Alirekebisha vali ya hita ya kawaida na kubadilisha mipira ya paa. Kiti cha mama yake hakukiwekea pedi; alimwekea blanketi magotini. Hita ya kiti cha dereva ameiahirisha hadi atakapoamua kama atabadilisha dainamo kuwa altaneta, kazi ambayo nayo ina makadirio yake na maswali yake. Fedha alizokuwa karibu kumlipa muuzaji bado anazo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Seti imeandikwa wati 120 kwa viti viwili. Inakula ampea ngapi katika gari la volti 12?
2. Fyuzi ya hita imekatika mara tatu kwa wiki moja. Je, uweke kubwa zaidi?
3. Kiti hakijawahi kumuumiza dereva mwenye afya. Je, ni salama kwa babu aliyepooza upande mmoja?
4. Muuzaji anasema pedi zinafaa kila gari la volti 12. Umwulize nini?

MAJIBU

1. Ampea 10. Linganisha na ampea zinazobaki gari likiwa limewasha taa na wipa.
2. Hapana. Mtafute fundi achunguze mzigo na nyaya. Fyuzi hiyo imefanya kazi yake.
3. Hapana. Dereva husikia joto linapozidi. Babu huenda asisikie. Ashauriane kwanza na daktari.
4. Wati za kila kiti, kama kuna kidhibiti joto na kipima muda, kama kidhibiti kinaafiki upande wa betri uliounganishwa na bodi ya gari lako, na urefu wa dhamana. Majibu yote yawe kwa maandishi.